Wimbo wa Bwana Salamu

Busia, 11 Februari 1951

Kwa mdogo wangu mpenzi Zulaika,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu, isipokuwa goti langu, ambalo mvua ikikaribia linajua kabla ya mawingu. Anayekuletea barua hii ni mumeo mwenyewe. Nimemkuta shemeji Badiru akipakia marobota ya pamba kwenye lori lake, nikamkimbilia anisubiri kabla utingo wake Odoi hajapanda juu ya mizigo na kuanza kelele zake za kuimba.

Nina shida, nami nakwambia wewe maana wengine watanicheka. Nyimbo zangu zimekauka. Unajua wanawake wenzangu wa ngoma wananitegemea mimi kutunga, na watu wa harusi hawatuiti kwa uzuri wa sauti, wanatuita tuwachekeshe. Basi Ijumaa iliyopita tuliimba ule wa mkwe anayemwogopa mama mkwe. Watu walicheka, sikatai. Lakini ulipoletwa pilau nikamwuliza Aidah, jirani yangu, ni wapi pamempendeza. Akasema, "Wimbo upi, bibi wee?" Na mdomo bado umejaa nyama.

Tangu siku hiyo sina raha. Nimeona kuna kicheko cha mdomo na kicheko cha maini. Cha mdomo kinaishia mlangoni pamoja na viatu. Cha maini mtu anakwenda nacho nyumbani, anakumbuka akiwa anachambua mchele, anacheka peke yake, na pengine anajifuta uso. Mimi nataka hicho. Mungu anisamehe, niliwaza hayo hata ndani ya sala ya alasiri, ikabidi nirudie.

Basi niandikie vituko vya nyumbani kwako. Usinitungie, nataka vya kweli. Waume wote wana vituko, na wako ni mpole, hatakasirika. Jina sitalitaja.

Dada yako,
Mastula


Tororo, 19 Februari 1951

Dada Mastula, shikamoo.

Vituko? Basi kaa chini, weka na hilo goti juu ya kigoda.

Juzi tulikuwa tunatembea, mimi na Badiru, tunakwenda kumtazama mgonjwa. Njiani akasimama, akavua kofia, akasema kwa adabu zote, "Hujambo mama, habari za nyumbani? Watoto hawajambo?" Nami nikageuka niamkie. Dada, alikuwa mbuzi wa rafiki yangu Apolot, amefungwa kwenye kichaka, anatafuna. Nikamwambia, "Baba, huyo ni mbuzi." Akasema, "Najua," akavaa kofia, akaendelea na safari.

Wiki nyingine alikwenda sala ya alfajiri na kanga yangu mabegani, akidhani ni shali lake. Imamu akamwambia, "Bwana Badiru, leo umekuja na mkeo mzima." Chai anaimimina pembeni ya kikombe, kisha anasema kikombe kimesogea. Na Odoi ameniambia kwamba mwezi uliopita alikipigia honi kichuguu, akapiga, akangoja kipite, mpaka Odoi akashuka akamwambia, "Mzee, huyu alikuwa hapa kabla yetu."

Mimi nacheka mpaka mbavu zinauma. Yeye anatabasamu tu.

Jambo moja zuri: zamani barua zako alikuwa anazifungua njiani, akifika ananisomea kwa sauti yako, anajipinda mgongo kama wewe. Sasa ananipa zimefungwa. Nilipomwuliza akasema mambo ya wanawake ni ya wanawake. Uzee umemletea adabu, alhamdulillahi.

Mdogo wako,
Zulaika


Busia, 12 Machi 1951

Mdogo wangu Zulaika,

Baada ya salamu nyingi. Mungu akulipe. Umenipa ng'ombe mwenye maziwa.

Ya msikitini nimeiacha, nyumba ya Mungu haichezewi. Lakini yule mbuzi nimemchukua mzima mzima. Sikiliza mwanzo wake, uone kama unapanda ulimini:

Bwana Salamu njiani, kasimama kwa adabu,
"Hujambo mama nyumbani? Vipi wana na mababu?"
Mbuzi kashika majani, anatafuna, hajibu,
Salamu Bwana Salamu, yule mbuzi hana jibu.

Tuliuimba kwenye harusi ya binti wa Aidah. Unajua desturi yetu ya sinia: wanawake tunaimba nyuma ya pazia, sinia linawekwa upande wa wanaume, na mume anayejitambua ndani ya wimbo lazima ainuke mwenyewe atie kitu, sabuni, sukari, hata kitambaa chake, na watu wanamshangilia kwa kukubali. Safari hii hakuna aliyeinuka. Kila mume alikuwa anamwangalia jirani yake. Wazee walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Na kesho yake nilisikia watoto kisimani wanaimba, na wachuuzi wameuvusha mpaka hadi upande wa Kenya bila kulipa ushuru.

Mtu mmoja tu hakunifurahisha. Unamkumbuka Athieno, yule mama wa kijiji cha Petta anayeuza simsim hapa sokoni? Alikuwa amekuja kumsaidia Aidah kupika. Alicheka kama wengine, kisha nikamwona amenyamaza katikati ya ubeti, akachukua kapu lake, akaondoka bila kula. Mkristo yule, labda nilisema neno lisilofaa kwao. Nitamwuliza.

Niletee mengine. Tuna kazi nyingi kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Dada yako,
Mastula


Tororo, 2 Aprili 1951

Dada yangu,

Nimefurahi kwa ajili yako. Lakini leo sina vituko, nina mzigo, na sina mwingine wa kunitua.

Nadhani Badiru ana mwanamke huko Busia.

Nielewe vizuri, usiseme nina wivu. Kwanza, haniangalii. Namvalia kanga mpya, nakaa mbele yake, macho yanapita juu yangu kama sipo. Jumamosi nilikutana naye sokoni, uso kwa uso, akanipita. Nikasimama nikamtazama mgongo. Jioni nikasema, "Leo ulinikimbia." Akasema, "Nilikuwa na haraka." Mtu ana haraka ya mke wake?

Pili, safari ya Busia, ambayo zamani alikuwa anarudi mchana nikiwa bado na moto wa kupikia, sasa inamla siku nzima. Anasema barabara imeharibika. Wenye malori mengine wanarudi. Barabara ni moja, dada.

Tatu, akifika anakaa kitandani kimya, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa. Mtu wa aina hiyo moyo wake umelala kwingine. Nimezaa naye, nimezika naye watoto wawili, simjui hivyo.

Yule mbuzi sasa ananiuma. Mtu anayependa ndiye anayetembea na mawazo mpaka asalimie wanyama.

Nakuomba umwangalie akifika huko. Anapokwenda, anapokula, nani anamcheka. Uniambie kweli hata ikiwa chungu. Barua hii inayomshtaki atakuletea mwenyewe, mfukoni mwake. Nitaifunga kwa gundi ya unga, ingawa siku hizi barua wala hazitazami.

Zulaika


Busia, 15 Aprili 1951

Zulaika mdogo wangu,

Barua hii simpi Badiru. Namkabidhi Athieno, anayekuja Tororo kwa ndugu zake. Isome ukiwa umekaa, na umpe chakula, kwa sababu yote haya ameanza kuyaona yeye.

Mwanamke hakuna. Nilimfuata kama polisi, Mungu anisamehe. Anatoka kwenye lori anakwenda msikitini, anatoka msikitini anarudi kwenye lori, na kila mahali anamshika Odoi bega, kama marafiki.

Kisha nikaenda kwa Athieno, nikamwuliza kwa nini aliukimbia wimbo wangu. Hakutaka kusema. Alipanga simsim yake vifungu vifungu, akaipangua. Halafu akasema, "Mama Mastula, wimbo wako mzuri. Lakini huyo mtu si mjinga. Baba yangu alianza hivyo hivyo. Alikuwa anasalimia miti."

Nikamwambia, "Badiru anaendesha lori, ataendeshaje?"

Akanitazama kwa huruma. "Nyinyi mnamsikia Odoi akiimba juu ya mizigo mnacheza. Hamjui Kidhopadhola, lugha yetu. Mimi namsikia. Haimbi wimbo. Anasema, ng'ombe upande wa kushoto, baba. Anasema, mama mwenye mtungi, ngoja apite. Daraja linakuja, pole pole, pole pole, sasa nyoosha. Tangu Petta mpaka hapa anamwambia njia."

Watu wa maduka wote hapa wanapenda wimbo wa Odoi. Mimi mwenyewe nilifikiria kumwibia tuni.

Bado nilikataa. Nikangoja lori lifike, nikaenda nikasimama mbele ya mumeo, karibu kama nilivyo karibu na karatasi hii, nikanyamaza. Macho yake mazuri, meupe, hayana doa. Akaona kivuli kimesimama. Akavua kofia. Akaniambia, mimi shemeji yake niliyemlisha siku ya ndoa yenu, "Hujambo mama, habari za nyumbani?"

Nikajibu kwa sauti nyembamba, "Nyumbani hawajambo," nikaondoka. Nilishindwa.

Kila ulichoniandikia tukacheka, kile cha kikombe, kile cha kanga, mpaka barua zangu kufika zimefungwa, kilikuwa kitu kimoja. Wewe hukujua. Mimi ndiye niliyekitia vina.

Mwulize kwa upole.

Mastula


Tororo, 18 Aprili 1951

Dada,

Nimemwuliza. Hakukataa. Alisema, "Umechelewa kuniuliza, nilikuwa nimechoka kungoja," akalala na uso ukutani.

Alikwenda hospitali zamani bila kuniambia. Daktari alimwambia si utando wa kukwangua, ni mshipa wa ndani unaokufa, na hauna dawa. Anaona vivuli. Uso hauoni kabisa, hata wangu. Nilimwuliza tangu lini. Akasema mara ya mwisho aliponiona vizuri nilikuwa nimemkasirikia kwa sababu ya kuni.

Sasa nisikilize. Usimwambie mtu. Chumba tunacholala ni cha tajiri wa Badiru, mwenye lori, kiko ndani ya uwanja wa malori. Tajiri akijua leo, kesho tuko nje na vyungu vyetu. Badiru hajui kazi nyingine. Anasema njia ya Busia anaijua kwa makalio kuliko wengi wanavyoijua kwa macho, na Odoi ni macho yake. Anasema mpaka Idi tu, apate kujipanga. Odoi ameapa kwa Biblia yake.

Na wimbo wako uzike. Hapa Tororo umefika, vibarua wanaojenga kiwanda cha saruji wanauimba. Badiru alipousikia alicheka kweli kweli, kisha akauliza nani ametunga. Nikasema sijui. Nimemdanganya mume wangu kwa ajili yako, basi nawe ninyamazie kwa ajili yangu.

Zulaika


Busia, 6 Mei 1951

Mdogo wangu,

Nimenyamaza kama ulivyotaka. Sasa sikiliza jinsi kimya changu kilivyokuwa.

Juzi Odoi alikuwa na mafua. Sauti haikutoka. Alijaribu kugonga bati la kichwa cha lori, mara moja kushoto, mara mbili kulia, lakini injini inameza. Kabla ya kuingia mjini walimgonga ng'ombe wa mzee Otai. Hilo najua limekufika, na najua Badiru amekuambia ng'ombe aliruka. Ng'ombe hakuruka, Zulaika. Alikuwa amelala barabarani anacheua, na mjukuu wa Otai alikuwa ametoka tu kumkalia mgongoni, amekwenda kunywa maji.

Nilikuwepo lori lilipoingia. Niliwaona walioshuka kutoka juu ya mizigo. Mama wawili wana watoto mgongoni, mmoja akalalamika, "Utingo leo hana raha, hata wimbo hakuna." Badiru alishuka, akaliegemea lori, akawa anauliza hewa, "Wote wazima? Wote wazima?" Kila mtu alipukuta vumbi akaenda zake. Alikuwa anawauliza watu waliokwisha ondoka.

Tangu siku hiyo nikisujudu nawaona wale watoto.

Nikienda kwa tajiri nimemuuza shemeji yangu. Nikinyamaza nimewauza wale wanaokaa juu ya marobota. Nimezungumza naye mwenyewe, usikasirike. Nilimwambia, "Shemeji, acha." Akaniambia, "Mama Mastula, mwanamume haachi usukani kwa sababu shemeji yake ameota ndoto mbaya." Akacheka, tukaachana.

Kwa maneno hasikii. Lakini wimbo ule alicheka. Jumamosi ya tarehe 19, kabla ya Ramadhani, anaolewa Zubaida wa hapa jirani, na Badiru ndiye atakayewaleta jamaa za bwana harusi. Tajiri hatakuwepo. Ni watu wetu tu. Nataka kuimba, na sinia liwepo.

Niruhusu.

Mastula


Tororo, 8 Mei 1951

Dada,

Usiimbe.

Wewe unatafuta kicheko cha maini. Maini ni ya kwangu. Ukimwaibisha mume wangu mbele ya wanaume wenzake, ukanitoa ndani ya chumba changu kwa ngoma na vigelegele, usiniite mdogo wako tena. Na kwenye harusi hiyo siji.

Zulaika wa Badiru


Busia, 21 Mei 1951

Zulaika,

Sina haki ya kukuita vile ninavyokuita, kwa hiyo nimeandika jina tu. Najua Badiru amekwisha fika kwako kwa miguu na Odoi, na sijui amekueleza nini. Nataka uisikie kwangu pia.

Kwanza nilitunga ubeti wa huzuni. Tulipoujaribu, wenzangu wakawa wanalia nyuma ya pazia kama tuko matangani. Aidah akaniambia, "Ukiuimba huo atakaa pale pale alipo. Nani anainuka kwenda kupokea huruma?" Alisema kweli. Mtu akihurumiwa anajificha. Nikauchana. Nikaona lazima nimkute pale pale anapocheka, niingie kwa mlango ule ule wa mbuzi.

Basi tukaanza na mbuzi. Watu wote waliujua, wanaume wakapokea kiitikio, na nilimsikia Badiru anapokea kwa nguvu kuliko wote. Tukapita kwenye kichuguu. Tukapita kwenye kikombe. Watu hoi. Na bila kupunguza mwendo wa ngoma hata kidogo nikatia huu:

Njia waijua sana, wapitao huwaoni,
Juu wamekaa wana, mama zao wa sokoni,
Weka ufunguo, bwana, tushikane mikononi,
Salamu Bwana Salamu, tumekujibu njiani.

Watu walikuwa bado wanacheka, kicheko kilikuwa kinakwenda chenyewe kama lori kwenye mteremko. Nikachungulia penye pazia. Badiru alikuwa ameacha kuitikia. Alikaa na mikono juu ya magoti, vile ulivyoniambia. Tukarudia kiitikio. Tukarudia tena. Nilikuwa naimba na machozi yananiingia mdomoni, na ngoma sikuiachia.

Akainuka.

Wakashangilia, "Kumbe ni wewe, Badiru! Kumbe ni wewe!" Akatembea kuelekea upande wenye kelele. Mguu wake ukaingia ndani ya sahani ya pilau ya wazee. Watu wakaanguka kwa kucheka, walidhani anaigiza, na mzee mmoja akasema, "Huyu angekuwa mwanamke mngemchukua kwenye kundi lenu." Akaendelea, wali kwenye vidole vya mguu. Akainama kutafuta sinia, akalikosa, akaweka kitu juu ya mapaja ya yule mzee.

Mzee akakiinua. Ulikuwa ufunguo wa lori.

Hapo ndipo walipoelewa, mmoja baada ya mmoja, kama moto unavyozimika. Odoi alisimama kati ya wanaume. Angeweza kuja kumshika mkono, lakini hakuja. Alimwimbia pale pale aliposimama, pole pole, kwa Kidhopadhola, na mara hii hapakuwa na mtu asiyejua anasema nini. Mumeo akarudi mpaka mahali pake bila kumgusa mtu, akakaa.

Lori lililala mbele ya msikiti mpaka tajiri alipoleta dereva mwingine kulichukua.

Mimi sijui kama nimefanya wema au nimefanya wimbo tu. Hilo linanitesa. Mtu anaweza kumsukuma mwenzake shimoni kwa tuni nzuri na akajisifu amemwokoa. Wanawake wangu nimewakataza wimbo huu. Wenye harusi za baada ya Idi wameniomba, nimekataa. Nyumba yangu iko wazi kwenu, chumba cha nyuma nimekipaka samadi upya. Ukija usiseme nami, si neno, lakini njoo.

Mastula


Tororo, 9 Juni 1951

Kwa Mama Mastula,

Barua hii ni ya Badiru. Mkono tu ndio wangu mimi Zulaika. Mimi bado nimekukasirikia, na amenikataza kuongeza la kwangu. Anasema hivi:

Shemeji, assalaam aleikum. Tumeanza kufunga, na hili ni jambo la kwanza mwaka huu ambalo nalifanya sawa na wenye macho.

Tajiri alinitoa, hukukosea. Hakunitukana. Alinipa siku za kutafuta pa kwenda, naye Apolot ametupa kibanda chake cha kuwekea mtama. Huyo mbuzi sasa ni jirani yangu. Busia hatuji bado, Zulaika hataki, nami siwezi kumkokota, yeye ndiye anayenikokota. Kazi sina. Nasokota kamba za katani, Odoi ananiletea. Zinatoka mbaya, lakini mbuzi hajalalamika. Odoi amebaki na lori. Alipanda juu akaanza kuimba kwa mazoea, dereva mpya akamwambia, "We, nyamaza, unanipigia kelele." Alikuja kunieleza hayo, tukasokota kamba wote wawili.

Sitakudanganya kwamba nimefurahi. Usiku ule nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nakuchukia kwa kila ubeti. Lakini nilikuwa nimemsikia yule mjukuu wa Otai akilia penye ng'ombe, na tangu hapo nilikuwa natafuta mtu wa kunitoa kwenye kile kiti, na sikumpata wa kuniomba vizuri. Wote waliojua walikuwa wananionea huruma.

Nina neno kuhusu wimbo wako. Pale kwa mbuzi umekosea. Umeniimba kama niliyedanganyika. Shemeji, nyuso za watu zilipoanza kufutika niliogopa kitu kimoja, kumpita mtu mzima bila salamu, aseme Badiru ana kiburi tangu apewe lori kubwa. Basi nikaamua, kila kivuli kilichosimama nakisalimia. Mbuzi akisalimiwa hapati hasara. Mzee akipitwa analala na kinyongo. Wengine walikuwa miti, najua. Niliwasalimia nikijua. Hilo litie ndani.

Na la mwisho. Nasikia umewakataza wanawake wako wasiuimbe kwa ajili yangu. Wafungulie. Waimbe baada ya Idi, kila harusi, na mwendo usipunguzwe. Tangu siku ile watu wakiingia hapa wanasema kwa sauti ya msibani, wanakaa mbali, wanaondoka kwa vidole vya miguu. Sijui ni nani, sijui wamekaa wapi, sijui kama bado wapo. Mtu akicheka namwona. Najua ni nani, najua meno yake, najua yuko upande gani wa chumba.

Jana kabla ya futari nilimimina uji nje ya bakuli, nikasema bakuli limesogea. Zulaika alikuwa hajasema nami tangu asubuhi, nilidhani yuko nje kwa Apolot. Akacheka. Alikuwa amekaa hapa hapa, goti lake karibu na langu.

Shemeji yako,
Badiru